Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Makanisa na Wakristo Wenye Mamlaka Kazini, Mtwara na Lindi: Muulizeni Mke Wake, Muulizeni Kibarua Wake

Kwa Baba Maaskofu, mapadre, wachungaji na makatekista. Kwa wenyeviti wa halmashauri za walei na wazee wa kanisa. Na kwa ndugu Wakristo mliokabidhiwa watu kazini, mkiwa wakuu wa shule na vituo vya afya, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, wenye maduka, wenye mashamba na wasimamizi wa viwanda katika mikoa ya Mtwara na Lindi.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia nikiwa mlei, mama wa familia na mkazi wa Masasi, ambaye sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika uhasibu: kuandaa orodha za mishahara, kukokotoa makato na kuandika malipo ya vibarua na wakulima. Kazi hiyo humfikisha mtu mahali ambapo mahubiri hayafiki mara nyingi. Mhasibu hujua ni mkubwa gani aliyeagiza vibarua wasubiri kwanza ili fedha zao zigharimie safari yake, na hujua pia ni yupi aliyekubali malipo yake mwenyewe yachelewe ili mlinzi wa usiku apate chake kwa wakati. Nimewaona wote wawili, na siku ya Jumapili wote wawili walikuwa wakikaa viti vya mbele.

Hoja yangu ni moja. Tumezoea kumpima kiongozi Mkristo kwa yale anayoyafanya mbele ya kusanyiko, yaani sala yake, sauti yake, michango yake na gari lake ambalo parokia au usharika hulitegemea siku ya msiba, ilhali Maandiko yanatutaka tumpime kwa hali ya wale walio chini yake, nyumbani na kazini. Wala hayo si mambo mawili, kwa maana mkono unaomsukuma mke jikoni asubuhi ndio ule ule unaotia saini barua ya kumfukuza mhudumu saa nne.

Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo juu ya mtu anayefaa kuwa askofu, alitaja sifa ambazo nyingi haziwezi kuonekana kutoka kwenye mabenchi ya kanisani. Alisema asiwe mtu wa kuzoelea ulevi, asiwe mpiga watu, asiwe mpenda fedha, awe mwenye kuisimamia nyumba yake vema. Ukiisoma orodha hiyo polepole utaona kwamba ni sifa moja tu, ile ya kujua kufundisha, ambayo waumini wanaweza kuihukumu wenyewe kwa kusikiliza mahubiri. Nyingine zote zinahitaji shahidi aliye ndani: mke, mtoto, mtumishi, jirani, mdai. Paulo anauliza waziwazi kwamba mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe atalitunzaje Kanisa la Mungu, kisha anaongeza jambo ambalo sisi wa Kusini tungepaswa kulisikia kuliko wengine, kwamba mtu huyo ashuhudiwe mema na watu walio nje. Walio nje, kwetu hapa, ni majirani zetu Waislamu, ambao katika vijiji na miji mingi ya Lindi na Mtwara ndio walio wengi, na ambao ndio tunaowaajiri au wanaotuajiri. Hawatusikii tukihubiri. Wanatuona tukilipa au tukidhulumu, tukimruhusu mfanyakazi aende msikitini Ijumaa au tukimwekea kikao saa hiyo hiyo, na hayo wanayoyaona ndiyo ushuhuda wetu kwao. Ni lini mara ya mwisho kamati ya uchaguzi wa wazee wa kanisa ilimwuliza jirani Mwislamu kuhusu tabia ya mgombea?

Katika barua yake kwa Waefeso, Paulo anazungumza na waume na wake, kisha wazazi na watoto, kisha mabwana na watumwa, mfululizo, pasipo kubadilisha somo. Katika dunia ya siku zake nyumba ndiyo ilikuwa karakana, duka na shamba, na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi. Anawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao, na mistari michache baadaye anawaambia mabwana waache kuwaogofya watumwa, wakijua ya kuwa aliye Bwana wa wote wawili yuko mbinguni, wala kwake hakuna upendeleo. Anayetawala nyumba kwa hofu na anayetawala ofisi kwa vitisho wamekatazwa katika sura moja.

Kabla ya hayo yote Bwana wetu mwenyewe alikwisha kuliweka jambo hili wazi. Yakobo na Yohana walipoomba viti vya kulia na kushoto kwake, aliwakumbusha jinsi wakuu wa mataifa wanavyowatawala watu kwa nguvu, akasema: "Lakini haitakuwa hivyo kwenu." Hakusema isiwe hivyo kanisani tu. Katika kazi yangu nimesikia Wakristo wema wakidai kwamba ofisi ina kanuni zake na kanisa lina zake, na kwamba unyenyekevu ukiingizwa kwenye biashara mtu atafilisika. Sijui ni wapi katika Injili waliposoma kwamba amri hiyo ina mahali pa kutotumika.

Naomba nianze na nyumba, na katika nyumba nianze na korosho, kwa sababu kwetu zao hilo ndilo linaloonyesha nani anaongoza na anaongozaje. Kila mtu anajua jinsi mwaka unavyokwenda. Palizi hufanywa na familia nzima; ukifika wakati wa kupulizia salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, mama na watoto huchota maji na kubeba mizigo; korosho zikianza kudondoka, mama ndiye anayeinama kuziokota tangu alfajiri, anazitenganisha na mabibo, anazianika na kuzichagua. Kisha gunia hufika kwenye chama cha msingi, huingia ghalani, huuzwa mnadani chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani uliotangulia kutumika mkoani kwetu katika msimu wa 2007/2008, na malipo huingia benki. Katika nyumba nyingi akaunti hiyo ina jina moja tu, jina la baba. Mfumo huo ulikuja kumlinda mkulima dhidi ya mnunuzi mjanja, nao umesaidia, lakini hauwezi kumlinda mama dhidi ya mwenye akaunti.

Kinachofuata mnakijua, kwa maana mnakisikia katika ofisi za parokia na sharika kila mwaka. Baba huenda mjini siku malipo yanapotoka na kurudi baada ya siku kadhaa. Pikipiki mpya hununuliwa wakati ada ya shule haijalipwa. Nyumba ya pili hufunguliwa mahali pengine kwa miezi ile ambayo fedha zipo, na hufungwa fedha zikiisha. Mvua zikifika na ghala la nyumbani likiwa tupu, mama aliyeziokota korosho zote hizo hutoka kwenda kuomba kibarua cha kulima shamba la mtu mwingine ili watoto wale. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mtu asiyewatunza walio wake, hasa wale wa nyumbani mwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini. Hayo ni maneno makali kuliko yoyote ninayoyasikia katika mahubiri yetu ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati fedha zinapotoka, ambapo mara nyingi tunahubiriwa juu ya zaka.

Hapa nataka kusema jambo juu ya mila zetu, kwa kuwa nimeolewa ndani yake na ninaziheshimu. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mafundisho ya kanisa yalileta mkazo mpya juu ya baba kama kiongozi wa nyumba, na mimi sina ugomvi na mkazo huo, kwa sababu baba anayewajibika kwa watoto wake ni baraka. Lakini nimeketi katika harusi nyingi ambamo bwana harusi aliambiwa kwamba kuanzia siku hiyo yeye ndiye kichwa na ndugu wa mke wakae kando, kisha asiambiwe neno moja juu ya kile Kristo alichokifanya akiwa kichwa cha Kanisa, yaani kwamba alijitoa kwa ajili yake. Mstari unaosema mume ni kichwa umetanguliwa na mstari unaotaka watu wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo, na unafuatwa na agizo kwa waume wapende hadi kujitoa. Wahubiri wetu wengi wanaukata mstari huo pande zote mbili na kumpa mume kipande cha katikati.

Matokeo yake ni mazito kuliko tunavyofikiri. Zamani mwanamke aliyepigwa au kunyimwa chakula alikuwa na kaka zake na mjomba wake wa kumsemea, na mume alijua kwamba siku moja ataitwa kujieleza mbele yao. Kama Kanisa limemwondoa mjomba mlangoni na kumkabidhi mume mamlaka yote, basi Kanisa limechukua wajibu wa mjomba. Ni lazima liwe na mtu wa kuitwa usiku. Haitoshi kumwambia mama arudi nyumbani akasali zaidi.

Nchi yenyewe imekwisha kusema hivyo kisheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumtunza mke wake, na katika kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Mahakama ya Rufani ilikubali tangu mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Ni aibu kwetu kwamba mwanamke Mkristo anaweza kupata haki hiyo mbele ya hakimu baada ya ndoa kuvunjika, na asiipate mbele ya mzee wa kanisa ndoa ikiwa bado hai.

Sasa nizungumze na ninyi mlio na watu kazini, na hapa tena nitaanzia kwenye korosho. Kila mwaka, katika miezi ya mvua, wakati chakula kimepungua, wapo watu wenye fedha wanaopita vijijini na kumpa mkulima mahindi au fedha kidogo kwa makubaliano kwamba atalipa kwa korosho msimu ukifika. Biashara hiyo tunaiita kangomba. Korosho hununuliwa nje ya mfumo rasmi, mara nyingi zikiwa bado mtini, kwa bei anayoikubali mtu mwenye watoto wenye njaa, na zikifika mnadani huuzwa kwa bei ya wote kwa jina la aliyezinunua. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, na bado ipo. Ninalowaletea leo ni kwamba baadhi ya wanaoifanya ni watu wetu. Wamo katika kamati za ujenzi wa makanisa, na ubao wa wafadhili una majina yao.

Someni Nehemia sura ya 5 kabla ya msimu ujao, nami nawaomba muisome madhabahuni kwa sauti. Watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba yao, mizabibu yao na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na kwamba waliowakopesha ni ndugu zao. Nehemia alikuwa mtawala, na angeweza kuunda tume. Badala yake aligombana na wakuu uso kwa uso, akaitisha mkutano, akawataka warudishe mashamba siku hiyo hiyo pamoja na riba waliyotoza. Nao walipokubali kwa mdomo, aliwaita makuhani na kuwaapisha. Zingatieni sana jambo hilo la makuhani, Baba zetu. Kazi yao siku ile haikuwa kubariki mali iliyopatikana kwa njaa ya maskini, ilikuwa kusimama kama mashahidi wa urejeshaji. Nehemia mwenyewe, kwa muda wa miaka 12, hakula chakula kilichokuwa haki ya mtawala kwa mujibu wa cheo chake, kwa sababu aliona mzigo wa watu ni mzito. Kiongozi wa chama cha msingi anayejilipa posho ya kikao kabla mkulima hajalipwa malipo yake, kama yeye ni Mkristo, ana mtu wa kulinganishwa naye.

Kuhusu ujira sina haja ya kusema mengi, kwa maana Biblia haina utata. Kumbukumbu la Torati linataka kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, awe ndugu au mgeni, kwa sababu anautumaini ujira huo; na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka wiki ya kazi isizidi saa 45 za kawaida, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, mfanyakazi apate likizo ya mwaka ya siku 28, mama aliyejifungua apate siku 84, na baba apate angalau siku 3 mtoto wake anapozaliwa. Ni kiwango cha chini ambacho hata asiyemjua Mungu anatakiwa kukifikia. Mwajiri Mkristo anayejisifu kwamba "hajavunja sheria" amejisifu kwa jambo dogo, na yule anayeivunja kisha analeta shukrani ya mavuno ameleta sadaka ya mtu mwingine.

Jambo moja la kihasibu nitalisema kwa uwazi, kwa sababu ni rahisi kufichika. Mchango wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, sehemu ya mwajiri na ya mfanyakazi zikijumlishwa, na sehemu ya mfanyakazi hukatwa kwenye mshahara wake kabla hajaupokea. Nimefanya kazi mahali ambapo makato hayo yalikatwa kila mwezi na hayakupelekwa, na siku mzee mmoja aliyelinda lango kwa miaka mingi alipofikia kudai mafao yake, alikuta mapengo. Msimamizi wake alikuwa mtu wa sala, na sisemi hivyo kwa kumkejeli; nadhani aliamini kweli kwamba atalipa baadaye. Lakini fedha ile haikuwa ya kukopwa, kwa sababu mwenyewe hakuulizwa. Taasisi zote zinazobeba jina la Kristo, ziwe shule, zahanati au karakana, zingepaswa kubandika ukutani kila mwezi uthibitisho kwamba makato yamepelekwa. Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli yote akauliza ni ng'ombe wa nani aliyemchukua na ni nani aliyemdhulumu, akasubiri jibu. Mtu ambaye hesabu zake ni safi haogopi swali hilo.

Wanawake wanaobangua korosho nao wanahitaji kutajwa peke yao. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na yeyote aliyeshika mikono ya mbanguaji asiyepewa kinga anajua anachokilipia mlaji wa mbali. Ila lipo la zaidi ya mikono. Mwanamke anayetegemea msimamizi ili aitwe kazini kesho anaweza kuombwa kitu ambacho hakimo katika mkataba, na wengi wameombwa. Boazi alipomkuta Ruthu, mjane na mgeni, akiokota masazo shambani mwake, aliwasalimu kwanza wavunaji wake kwa jina la Bwana nao wakamwitikia, akamhakikishia Ruthu kwamba amewaagiza vijana wasimguse, na akamwambia anywe maji waliyoteka watumishi. Aliagiza kabla jambo halijatokea. Alijua shamba lake linaweza kuwa mahali pa hatari kwa mwanamke maskini, wala hakujidanganya kwamba kwa kuwa yeye ni mcha Mungu basi watu wake wote ni salama. Ni wasimamizi wangapi Wakristo katika viwanda na maofisi yetu waliokwisha kuwaita vijana wao na kuwaagiza hivyo, kwa maneno hayo hayo, mbele ya wanawake wenyewe?

Na yupo mtu mmoja ambaye kwake nyumba na kazi ni mahali pamoja, naye ni binti wa kazi. Tunamchukua kijijini, mara nyingi kwa mzazi aliyekosa ada, tukiahidi kwamba atakuwa kama mwanetu. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Tunakwenda kanisani naye anabaki na mtoto na sufuria. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Lakini amri ya Sabato ni ya zamani kuliko sheria hiyo, nayo inamtaja mtumwa na mjakazi kwa jina la kazi yao, ili nao wapumzike kama bwana wao. Kama nyumba ya mzee wa kanisa au ya mchungaji ina binti asiye na siku ya kupumzika, asiyejua mshahara wake unawekwa wapi, anayekula mabaki amesimama, basi tusihangaike kutafuta mahali pengine pa kupimia uongozi wake.

Sisi wa Masasi tuna sababu ya pekee ya kuliona hili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapa kutoka Zanzibar akiwa na watu waliokombolewa utumwani, nao wakaanzisha makazi ya Kikristo ambayo ndiyo mwanzo wa kanisa la Masasi. Kilwa Kivinje, ambayo leo iko mkoani Lindi, ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za biashara hiyo, na njia za misafara zilipita katika nchi yetu. Kanisa letu lilianza na watu waliojua kwa miili yao maana ya kuwa mali ya mtu mwingine. Nikimwona Mkristo wa hapa akimwita mfanyakazi wake kwa kumpigia mluzi, ninawakumbuka watu wale.

Wapo watakaojibu kwamba wafanyakazi nao ni wavivu, kwamba vibarua huiba, kwamba watoto wa siku hizi hawasikii, na kwamba kiongozi akiwa mpole kila kitu kitaharibika. Sipuuzi jibu hilo. Eli alihukumiwa kwa sababu alijua uovu wa wanawe na hakuwazuia, na nyumba yake ilianguka kwa ulegevu wake. Uongozi wa Kikristo unaonya, unakataa, na wakati mwingine unaachisha kazi. Tofauti iko katika namna. Sheria inataka mtu asiachishwe kazi bila sababu halali na bila utaratibu wa haki, yaani aelezwe kosa lake na asikilizwe, na Bwana alitufundisha kumwonya ndugu kwanza faraghani, wewe na yeye peke yenu. Wamonaki wa Ndanda, ambao misheni yao ilianzishwa mwaka 1906, wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na katika sura ya 3 Kanuni hiyo inamwagiza abate awaite ndugu wote kila linapokuwapo jambo kubwa, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora zaidi. Baada ya kusikiliza, abate ndiye anayeamua. Watu wa karne ya sita waliweza kuunganisha usikivu na mamlaka, na nyumba walizoziongoza hivyo zimedumu.

Kuna na upande wa pili, ambao nausema kwa upole kwa wale mnaochoka kwa ajili yetu. Yethro alipomwendea Musa jangwani, hakuenda mikono mitupu: alimpelekea mke wake Sipora na wana wao wawili. Ni katika ziara hiyo hiyo alimwona Musa ameketi peke yake akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia kwamba jambo hilo si jema, na kwamba achague watu wacha Mungu wanaochukia mapato ya udhalimu awagawie kazi. Mkuu wa shule asiyemwamini msaidizi wake hata kwa funguo za stoo, na mchungaji ambaye watoto wake humwona kwenye ibada tu, wanahitaji Yethro wote wawili. Mkubwa wao angekuwa huyo Yethro kama angewauliza habari za nyumbani kabla ya kuwauliza habari za taarifa ya robo mwaka.

Basi naomba yafuatayo, nikijua kwamba mnayo mamlaka ya kuyafanya bila kusubiri kikao cha taifa. Kabla jina la mtu halijapitishwa kuwa mzee wa kanisa, mwenyekiti wa halmashauri ya walei au mjumbe wa bodi ya shule au hospitali ya kanisa, watu wawili wanaoaminika, mmoja wao akiwa mwanamke, waende wakaongee faraghani na mke wake au mume wake, na mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi chini yake. Yeyote anayejulikana kufanya kangomba asishike uongozi wowote hadi atakaporudisha, naye arudishe mbele ya mashahidi, kama Nehemia alivyotaka. Mafundisho ya ndoa yawe na siku nzima ya kuzungumzia fedha za msimu, akaunti ya pamoja na vifungu vile vya Sheria ya Ndoa, na bwana harusi aeleze kwa kinywa chake atakavyogawa malipo ya korosho. Kila parokia na kila usharika uwe na akina mama na akina baba wachache, wanaojulikana kwa majina na nambari za simu, ambao mke aliyepigwa au binti wa kazi aliyedhulumiwa anaweza kuwaendea, nao wawe na ruhusa ya kwenda polisi na ustawi wa jamii bila kuomba kibali cha mtu yeyote. Na Jumapili moja kabla ya shukrani ya mavuno itangazwe kwamba anayedaiwa ujira amalize kuulipa ndipo alete zaka, kwa kuwa Bwana alisema tuiache sadaka mbele ya madhabahu, twende kwanza tukapatane na ndugu.

Minada hufunguliwa mwezi wa Oktoba. Vikao vya kamati tendaji vya robo ya tatu hukaa kabla ya hapo, na nafasi ya kuliweka jambo hili katika ajenda ipo. Mimi nipo tayari kuja kueleza upande wa hesabu na mishahara kwa kamati yoyote itakayoniita, katika wilaya yoyote ya mikoa hii miwili, na sitaomba nauli.

Wenu katika Kristo,

Mlei na mhasibu,
Masasi, Mkoa wa Mtwara